Mchezo wa simu unapofika mezani

Likizo hii sisi walimu wawili wa chama tuliwakusanya watoto sita wa mtaa, wa miaka 10 hadi 14, kuzunguka meza moja. Ilikuwa siku ya posho, umeme umekatika tangu asubuhi na simu zote zimezima. Tulikuwa na karatasi, kalamu na dadu moja ya ludo. Tukawaambia: "Ninyi ni wasafiri. Mmefika mtoni. Mzee mwenye mtumbwi anakataa kuwavusha. Mnafanya nini?"

Kijana mkubwa, ambaye hucheza michezo ya intaneti kwenye simu ya kaka yake, alijibu papo hapo: "Tunamuua, tunachukua mtumbwi." Mwenzake akauliza: "Kila mtu ana maisha mangapi?" Hakuna aliyetaka kujua kwa nini mzee amekataa.

Jibu hilo lilituumiza, maana katika nchi yetu watoto wengi wamesikia risasi za kweli. Lakini kabla ya kulaumu simu, ni vizuri kujua kwamba mchezo wa mezani na mchezo wa kompyuta ni ndugu, na kila mmoja amemfundisha mwenzake.

Mwaka 1974, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Walianza na nakala 1,000 tu. Mtu mmoja anasimulia, wengine kila mmoja anashika nafasi ya mhusika wake na kusema anachotaka kufanya. Jambo likiwa gumu, dadu zinaamua kama limefaulu.

Kisha kompyuta zikaiga meza. Mwaka 1978, kwenye Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, wanafunzi walianza kutengeneza MUD, mchezo ambamo watu wengi waliingia katika dunia moja kwa kuandika maneno. Mwaka 2004 ukatokea World of Warcraft, uliopata mamilioni ya wachezaji. Humo kikundi hugawana kazi: mmoja anakinga wenzake, mwingine anaponya, wengine wanapiga. Kompyuta inakupa vitufe, nawe unachagua kati ya hivyo.

Baadaye mtoto alirudi kumfundisha mzazi. Mwaka 2008 Dungeons & Dragons ilitoa toleo la nne. Kila mhusika akapewa moja ya kazi nne: kukinga, kupiga, kuongoza na kuponya wenzake, au kuwazuia maadui wengi kwa pamoja. Uwezo wake nao ulipangwa: huu utumie wakati wowote, huu mara moja katika kila pigano, huu mara moja kwa siku. Wachezaji wengi walilalamika kwamba mezani sasa ni kama kwenye kompyuta. Wengine walihamia Pathfinder, uliotoka mwaka 2009 na kufuata kanuni za zamani. Toleo la tano, la mwaka 2014, liliacha mgawanyo ule wa kazi nne.

Hata hivyo toleo la nne lilikuwa na watu waliolipenda, na tunawaelewa. Hakuna aliyekaa bure. Hata mgeni alijua kikundi kinamtegemea kwa nini. Tuliliona hilo mezani petu. Msichana mmoja mnyamavu, ambaye darasani ni shida kumsikia, alisema wa kwanza: "Mimi nitaponya." Alijifunza hilo kwenye simu. Watoto walingojea zamu zao bila kugombana, na mkubwa alisimama mbele kumkinga mdogo. Hayo pia simu iliwafundisha.

Lililokosekana ni kumwona yule mzee kuwa mtu. Kwenye simu, anayekuzuia njiani ana maneno machache aliyowekewa tu. Ukimpiga haikugharimu kitu, na wewe ukifa unaanza upya.

Basi hatukuwakaripia. Tulisema: "Haya, mmemuua. Sasa nani kati yenu anajua kuendesha mtumbwi katika maji haya? Na ng'ambo kule mke wake anamngojea." Wakanyamaza. Mdogo wao akauliza kama wanaweza kurudi nyuma. Tukakubali, mara moja tu.

Safari hii msichana yule alisema: "Mzee wetu, shikamoo. Kwa nini unakataa?" Tukajibu kwa sauti ya mzee: "Jana nilivusha watu, hawakunilipa. Na mikono imechoka." Walijadiliana kwa muda mrefu. Mwishoni kijana mkubwa akajitolea kupiga kasia ili mzee apumzike. Dadu tuliitupa mara moja tu, pale katikati ya mto.

Posho iliyofuata walirudi wote. Kijana yule aliuliza kabla ya kukaa: "Mzee tumemlipa kweli?"

Wazazi, hatuwaombi mnyang'anye simu. Mwulize mtoto huko ndani anashika kazi gani: anakinga, anaponya au anapiga? Kisha mketishe mezani pamoja na wenzake, wewe au shangazi au babu mkasimulie. Kanuni nne zinatosha. Kila mtoto achague kazi moja anayoiweza. Jambo gumu, atupe dadu: 4, 5 au 6, amefaulu. Anayeumia abaki ameumia mpaka wenzake wamtunze. Na kila mtu watakayemkuta njiani mpe jina, na sababu ya kufanya anachofanya. Hiyo ya mwisho msiiache, maana ndiyo simu haikuwapa.