Usimpeleke Kyela Akaone Shida

Kila Desemba shule zikifungwa, simu yangu hujaa swali moja lililobadilishwa majina tu. Mzazi yuko Dar es Salaam, Dodoma au Mbeya mjini. Mtoto ana miaka minne, mitano, ikizidi saba. Kazi yake ni kudai: akipewa hiki anataka kile, na zawadi ya sikukuu huitupa uvunguni kabla jua halijazama. Baada ya salamu na pole za kazi linakuja swali lenyewe: "Mwalimu, nikimpeleka Kyela kwa bibi yake akae mwezi mzima aone watu wanavyoishi kwa shida, si atajifunza kushukuru?"

Hatajifunza. Nimekuwa nikijibu hivyo kwa upole, na upole wangu unachukuliwa kuwa ruhusa, maana Januari wazazi wale wale hunipigia kulalamika kwamba mtoto amerudi kama alivyokwenda. Safari hii najibu mbele ya watu.

Kwanza niambieni, shida ipi? Mtoto anashuka kwenye basi Kyela mjini, na bibi ambaye hajamtia machoni tangu Krismasi iliyopita ameshamfunga jogoo kamba mguuni. Wali atakaokula ni ule wa Kyela wenye harufu yake, ambao wewe huko mjini unauziwa umechanganywa na mchele mwingine. Maembe yapo chini ya mti, ndizi zipo nyuma ya nyumba, samaki ni mbasa aliyetoka ziwani asubuhi. Kitanda kizuri amepewa mgeni, bibi kajilaza mkekani na wajukuu wengine. Geti hakuna, na wa kucheza nao ni ukoo mzima. Ulimpeleka akaone dhiki, naye anarudi akisimulia kwamba kwa bibi kila siku wanachinja kuku. Mwenyeji wa Kinyakyusa hamwonyeshi mgeni upungufu wake. Mpango wako umevunjwa na ukarimu wa mama yako mzazi.

Wapo wanaong'ang'ania. Hao huandamana na mtoto wakimwonyesha kwa kidole: "Unamwona mwenzako? Hana viatu. Wewe una viatu jozi tatu na bado unalia." Subira yangu huishia hapo.

Kushukuru na kujilinganisha ni mambo mawili. Ili mtu ashukuru, sharti atambue kwamba kuna aliyemtendea jambo, kwamba alilitenda kwa kukusudia, na kwamba lilimgharimu: jasho, usingizi, fedha au zamu yake ya kula. Yote hayo yanataka kuingia katika mawazo ya mtu mwingine, na kwa mtoto mdogo uwezo huo una wakati wake. Mwaka 1983 watafiti Heinz Wimmer na Josef Perner walichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa saikolojia wanalisoma mpaka leo. Mtoto husimuliwa habari za Maxi, aliyeweka chokoleti yake katika kabati moja akatoka kwenda kucheza. Nyuma yake mama akaihamishia kabati jingine. Maxi akirudi ataanza kutafuta wapi? Watoto wa miaka mitatu, karibu wote, hutaja pale ilipo chokoleti sasa. Wanachokijua wao wanadhani Maxi naye anakijua. Jibu sahihi huanza kupatikana kati ya miaka minne na sita, na hata hapo si kwa wote. Jaribuni nyumbani kwa embe moja na sufuria mbili.

Sasa mtoto ambaye bado anahangaika na Maxi, wewe unataka atazame miguu ya binamu yake, akisie mshahara wako, apime umbali uliopo kati ya hivyo viwili, kisha moyo umlainike. Hafiki huko. Anachokipata ni kitu chepesi zaidi: kwamba kuna watu wa kuonewa huruma, na mama wa baba yake ni mmoja wao. Huo ni mwanzo wa dharau. Na binamu wa miaka minane aliyesimama pale ana masikio. Saa moja iliyopita alikuwa akimfundisha mwanao kumfunga ndama. Sasa ameambiwa kwamba yeye ni mfano wa umaskini.

Hapo huja jibu nililolizoea: "Mbona mimi nilikulia shida na ninashukuru?" Haya, unamshukuru nani? Ukianza kutaja, utataja watu. Shangazi aliyeuza ndizi ukapata ada. Kaka aliyeacha shule wewe ukaendelea. Mama aliyesema ameshiba huku chungu kikiwa kitupu. Njaa haikukufundisha kitu. Ulichojifunza umekipata kwa watu waliosimama kati yako na hiyo njaa, na kwa sababu uliwaona kwa macho yako wakisimama. Mtoto wako haoni. Mshahara wako unaingia kwenye simu, chakula kinatoka kwenye friji, sare inatoka kwenye mfuko. Hajui kwamba nyuma ya vitu hivyo kuna mtu aliyechoka. Ugonjwa ni huo, na hauponi kwa kumwonyesha asiye na viatu.

Mbinu ya kumnyang'anya zawadi mpaka aseme asante nitaipitia haraka. Mwaka 1980 Esther Greif na Jean Berko Gleason wa Marekani waliwachunguza watoto wadogo na maneno matatu: la kumsalimu mtu, la kumuaga na la kumshukuru. Asante ndilo lililotoka mara chache kuliko yote bila mtoto kuchokonolewa. Mfundisheni kusema asante, na akiwa Kyela aseme ndaga, kama anavyofundishwa shikamoo. Ni adabu, na adabu ni njema. Ila msidhani aliyetamka ameshahisi, wala aliyekaa kimya hana moyo. Franziska Baumgarten-Tramer, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1938 kuhusu watoto wa shule wa Bern, Uswisi, aliwauliza wenye miaka 7 hadi 15 wangemfanyia nini mtu ambaye angewatimizia tamanio lao kubwa kabisa. Wadogo wengi walisema wangempa kitu kizuri cha kwao, hata kama mtu mzima hana kazi nacho. Kwa hiyo mjukuu akimpa bibi gari lake bovu la plastiki, msicheke. Hiyo ndiyo shukrani ya umri wake, na bibi alipokee kwa mikono miwili.

Kinachonishangaza ni kwamba watu wanaleta watoto hapa kutafuta somo lisilokuwepo, na lililopo wanalipita. Monica na Godfrey Wilson walifanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, na kitabu cha Monica, Good Company, kilitoka mwaka 1951. Wavulana wa miaka 10 au 11 walijijengea vibanda vya matete pembeni mwa kijiji cha baba zao, wakaanza kuishi huko pamoja na marika zao. Chakula waliendelea kukifuata kwa mama zao, lakini walikwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Sisemi turudi huko. Mpango ule haukuwapa wasichana nafasi kama ya kaka zao, na ulishakwisha. Lakini tazameni: mtoto alijua uzito wa tete kwa kuwa alilibeba mwenyewe, na alijua ugali umepikwa na mama wa nani.

Kanisani mambo ni hayo hayo. Siku ya mavuno mzazi humtilia mtoto sarafu kiganjani mlangoni, mtoto akaitumbukiza kapuni. Huyo ni mchukuzi tu. Mtoto aliyeokota mayai ya kuku wa bibi siku nne, akayabeba kwa kuogopa yasivunjike, kisha akamwona mzee akiyanunua kwenye mnada, huyo ana habari ya kusimulia mpaka Pasaka.

Basi, ya kufanya ni haya, na yote ni ya bei ya chini. Wa miaka miwili na mitatu apeleke kikombe cha maji kwa babu, apange viatu mlangoni, arushie kuku punje. Wa minne na mitano achague mchele kwenye ungo kando ya bibi, apukuchue mahindi, na asubuhi ya Krismasi apeleke sahani iliyofunikwa kwa jirani na kutoa salamu yeye mwenyewe. Mkikuta kakao inavunwa, afyonze ule utelezi mtamu wa mbegu, kisha asaidie kuzigeuza zinapoanikwa; ajue chokoleti ya Maxi ilianzia wapi. Mkiwa Matema, nendeni mkaone vyungu vya wanawake wa Kikisi wa Ikombe, anunue kidogo kimoja kutoka mkononi mwa aliyekifinyanga, halafu apewe udongo ajaribu chake. Kitapasuka. Kiacheni kipasuke. Wa miaka sita na kuendelea atengeneze gari la kopo lenye magurudumu ya kandambili kuukuu, au amrekodi bibi kwa simu akisimulia sikukuu za utoto wake. Hayo ndiyo matumizi ya simu ninayoyaunga mkono. Shirika la Afya Duniani tangu 2019 linasema mtoto chini ya miaka miwili asitazamishwe skrini, na wa miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku.

Msimlipe. Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha mwaka 2008 kwamba watoto wa miezi 20 waliopewa zawadi kila waliposaidia walipunguza kusaidia zawadi zilipokoma. Badala ya sarafu, mtajieni mtu: "Shangazi ameamka saa kumi kuwasha moto ili tule hiki." Jina na kazi aliyoifanya, basi. Mahubiri hayahitajiki.

Na tahadhari, maana kila mwaka kuna anayezidharau. Upande wa Milima ya Livingstone ziwa hushuka ghafla, hatua chache tu kutoka ufukweni. Mtoto awe mahali mkono wako unapofika. Midomo ya mito ina mamba. Kyela ni bondeni, kando ya ziwa, joto na mbu tele. Mtoto wa Mbeya mjini au Tukuyu, aliyezoea baridi, mwili wake hauna mazoea na malaria ya huku, kwa hiyo chandarua ni kuanzia usiku wa kwanza, na homa ipimwe siku hiyo hiyo.

Mwisho, msimtue mtoto kama mzigo mkarudi mjini jioni. Akae nanyi, awaone mkichota maji na kumshukuru mama yenu kwa vitendo. Kabla ya kukata tiketi, mpigie mama simu, umuulize wiki hiyo kuna kazi gani shambani na anahitaji nini kutoka dukani. Na tafadhali, asije akasikia kwamba mjukuu ameletwa kwake kuangalia shida.