Kwa nini dafodili ya shangazi haikuchanua Kilangala

Mwezi wa kumi mwaka juzi shangazi yangu wa Kilangala, Lindi, aliletewa zawadi na mgeni kutoka Ulaya: mfuko wa wavu wenye matunguu kumi ya dafodili, na picha ya ua la njano lenye kikombe katikati. Manane akayapanda uani, karibu na anapooshea vyombo, akamwagilia kila asubuhi. Majani yakatoka, mafupi mafupi, kama ya kitunguu kilichokosa mbolea. Ua, hakuna. Januari akanipigia simu.

"Mwanangu, si wewe unayesomea mimea? Hivi vitu mbona vina majani tu? Au mgeni kanidanganya?"

Nikamwambia mgeni hana kosa, kilichokosekana ni baridi. Akacheka. Kisha nikamuuliza yale mawili aliyobakiza yako wapi.

"Yapo jikoni, kwenye kapu la vitunguu."

Nikamwambia ayatoe sasa hivi, kabla hatujaendelea na maongezi. Sababu nitaieleza huko chini, na kama una haraka, ruka moja kwa moja uisome hiyo sehemu. Hayo mengine yatakusubiri.

Tuanze na ua lenyewe. Dafodili asili yake ni kusini magharibi mwa Ulaya, hasa Hispania na Ureno, na kaskazini mwa Afrika. Huko kiangazi ni kikavu na cha joto, halafu inakuja baridi, halafu majira ya kuchipua. Mmea umejipanga kufuatana na kalenda hiyo. Majani yanatengeneza chakula kwa miezi michache, yanakishusha chini kwenye tunguu, kisha yanakauka na tunguu linalala.

Ila kulala kwake si kulala kweli. Ukilipasua tunguu la dafodili mwezi wa tisa na kutazama kwa lenzi, utakuta katikati yake, kati ya magamba manene, ua dogo limeshaumbwa: petali, chavua, kila kitu. Kwa hiyo shangazi alipopanda mwezi wa kumi, maua yalikuwa tayari yamo ndani. Yalikuwa yanasubiri amri ya kutoka.

Amri hiyo ni baridi. Dafodili nyingi zinahitaji kukaa kwenye nyuzijoto kama 5 hadi 9 za Selsiasi kwa wiki 12 hadi 16. Katika kipindi hicho wanga uliohifadhiwa kwenye magamba unageuzwa kuwa sukari, na mmea unajiandaa kutumia homoni za kurefusha bua. Joto likipanda baada ya hapo, bua linafyatuka juu na ua linafunguka. Baridi isipokuja, majani yanajitokeza kivivu, bua linadumaa, na lile ua dogo linanyauka humo humo ndani. Shangazi alikuwa anamwagilia maua yaliyokuwa yanakufa ardhini bila yeye kuyaona.

Ukifikiria, ni utaratibu wa busara. Ulaya kuna siku za joto za uongo katikati ya kipupwe. Mmea unaochanua kila ukiona jua ungeunguzwa na barafu wiki inayofuata. Kwa hiyo tunguu linahesabu: nimekaa baridini muda wa kutosha? Kama bado, halijitokezi.

Sasa Kilangala. Pwani ya Lindi usiku wa mwezi wa saba, tunaouita wa baridi na kujifunika khanga mbili, joto bado ni karibu na nyuzi 20. Kwa dafodili huo ni msimu wa joto usiokwisha. Makete na Njombe, ambako kuna asubuhi za jalidi kwenye majani, mambo yangekuwa tofauti kabisa.

Vipi friji? Inawezekana. Unayaweka matunguu kwenye mfuko wa karatasi kwa miezi mitatu na nusu hivi, mbali na ndizi na maembe yanayoiva, kwa sababu matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini inayoua ua changa ndani ya tunguu. Umeme usikatike siku nyingi. Ukipanda, utapata ua, pengine. Lakini joto letu litayakausha majani mapema kabla tunguu halijajaza ghala lake, na mwaka wa pili unaanza upya na matunguu mapya. Kuna aina moja, ile ya maua meupe madogo yaliyoshonana na yenye harufu kali, isiyodai baridi. Hiyo angalau huchanua mara moja kwenye bakuli la kokoto na maji. Mimi kwa maoni yangu, kuendesha friji miezi mitatu kwa ajili ya ua la wiki mbili ni anasa. Na ukiagiza matunguu nje, sheria inataka kibali na cheti cha afya ya mimea, kwa sababu nzuri tu: kuna minyoo midogo isiyoonekana kwa macho inayoishi kwenye matunguu ya dafodili, na jamii yake hushambulia pia vitunguu vya kula.

Shangazi aliposikia yote hayo akauliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo mimi: "Kwani sisi hatuna la kwetu?"

Tunalo, na ni ndugu wa damu. Ni lile ua jekundu la mviringo, kama mpira uliochomwa miiba, linalotoka ardhini mvua za kwanza zikinyesha, wakati mwingine kabla hata majani hayajafunguka. Shina lake lina madoa madoa ya zambarau. Ukiliangalia kwa karibu si ua moja, ni maua madogo mengi, yanaweza kufika 200, yamekaa kwenye kichwa kimoja. Jina lake la kisayansi ni Scadoxus multiflorus. Zamani liliwekwa kundi moja na maua ya Afrika Kusini yaitwayo Haemanthus. Jina Scadoxus lilitolewa mwaka 1838 likasahauliwa, hadi Ib Friis na Inger Nordal walipolifufua mwaka 1976. Mimi humu nitaliita ua-mpira.

Ua-mpira na dafodili ni wa familia moja, na ratiba yao inafanana ajabu: majani, ghala, usingizi, ua. Tofauti ni saa wanayoisoma. Dafodili inasoma baridi, ua-mpira linasoma mvua. Lindi tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili hadi wa nne au wa tano, kisha ukavu. Huo ukavu unaotuchosha sisi ndio usingizi wa ua-mpira. Udongo ukilowa tena huku joto likiwa juu, linaamka.

Ukishaelewa hilo, kulitunza hakuhitaji kukariri. Lipande chini ya mwembe au mkorosho, lisipigwe na jua la mchana. Udongo wetu wa kichanga unafaa kwa kuwa hautuamishi maji, ongeza tu mboji au samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi itaozesha tunguu. Shingo ya tunguu iwe usawa wa ardhi, usilizike kama muhogo. Likishakaa, liache hapo hapo miaka, halipendi kuhamishwahamishwa. Kuanzia mwezi wa sita, majani yakigeuka njano, usimwagilie. Hapa ndipo watu wenye huruma wanapoharibu: wanaona mmea umekauka, wanamwaga ndoo ya maji, tunguu linaoza usingizini.

Na majani usiyakate yakiwa mabichi. Najua baada ya ua kuisha yanabaki yametanda tu na mtu anataka uwanja safi. Lakini ua la mwakani linaandaliwa kwa chakula kinachotoka kwenye majani hayo. Ukikata leo, adhabu utaiona baada ya mwaka, na utakuwa umeshasahau kosa. Hata Ulaya, dafodili iliyochanua mwaka wa kwanza na kugoma wa pili mara nyingi imekatwa majani mapema.

Ukiona viwavi weusi wenye madoa au mistari ya njano wanakula majani, waokote kwa mkono asubuhi. Hao wanakula sumu iliyo kwenye mmea na haiwadhuru. Wewe ingekudhuru.

Hapo ndipo tunarudi kwenye kapu la shangazi. Dafodili na ua-mpira vyote vina likorini, kemikali ya jamii ya alkaloidi inayochochea ubongo kuamuru kutapika. Sehemu mbalimbali za Afrika ua-mpira limetumika kutia sumu mishale na kunasia samaki. Sumu nyingi zaidi iko kwenye tunguu, yaani sehemu ile ile inayofanana na kitunguu. Kupika hakukusaidii. Mwaka 2009 katika shule moja ya msingi huko Suffolk, Uingereza, tunguu la dafodili liliingia kwenye supu darasani likidhaniwa ni kitunguu, na watoto 12 wakapelekwa hospitali. Walipona. Lakini hiyo ilikuwa nchi ambayo dafodili inajulikana na kila mtu.

Kufanana huko kuna sababu. Mwaka huo huo wa 2009, uainishaji mpya wa mimea uliviingiza vitunguu maji na vitunguu saumu kwenye familia ya dafodili. Ni binamu kweli. Ila upande wa vitunguu ulijitengenezea ulinzi wa salfa, ile harufu inayotutoa machozi, na upande wa dafodili ukachagua alkaloidi. Kwa hiyo pua yako ni kipimo kizuri: likikatwa na halitoi harufu ya kitunguu, halili mtu. Hakikisha tu kisu na mikono havijatoka kukata kitunguu cha kweli, na usipime kwa kuonja.

Mtoto akila, dalili ni mate mengi, kutapika, tumbo kuuma na kuharisha. Usimlazimishe atapike na usisubiri maziwa yafanye kazi. Mpeleke zahanati na kipande cha huo mmea mkononi. Mbuzi nao wafunge mbali.

Pa kupata mbegu: usiende kuchimba porini. Kitulo, kule juu Makete, mizizi ya okidi imechimbwa kwa biashara ya chikanda hadi baadhi ya maeneo yakabaki mashimo, na tunguu moja la ua-mpira ni miaka kadhaa ya kazi. Omba kitoto cha tunguu kwa jirani, au subiri matunda mekundu yaive. Menya nyama ya tunda ukiwa umevaa mfuko mkononi, maana utomvu unawasha, kisha bonyeza mbegu juu ya udongo wenye unyevu siku hiyo hiyo. Usizianike kama mbegu za mchicha, zikikauka zimekufa. Hesabu miaka mitatu au minne hadi ua la kwanza.

Shangazi alipata vitoto vitatu kwa jirani yake, akavipanda chini ya mkorosho. Mwezi wa kumi na mbili uliopita kimoja kilichanua. Yale matunguu mawili ya Ulaya hajayatupa, ni zawadi ya mgeni bwana. Yako kwenye kopo la rangi lenye mfuniko, juu ya kabati la chumbani, na ubavuni ameandika kwa mkaa: SI KITUNGUU.