Makala inapanda bei: kupunguza moto kunaanza shambani



Katika mikutano ya koperative tunayofanya Kabare, Walungu na Kalehe, neno moja linarudia kila mara: makala. Zamani watu walituuliza kwanza bei ya mbegu ao ya mbolea. Sasa ba mama wanatuambia kama gunia ya makala njo inakula feza ya nyumba. Na kuko jambo moja linalotuhuzunisha zaidi: jamaa zingine zinauza maharagi ya mbegu ili kununua makala ya kupika maharagi ya kula. Mvua ya sezoni inayofuata ikianza, mbegu haiko tena.

Sababu za bei kupanda munazijua. Miti karibu na vijiji imeisha, makala inatoka mbali, barabara inaharibika wakati wa mvua, kila barieri inaongeza kitu, na muji wa Bukavu unazidi kukua. Ndani ya Parke ya Kahuzi-Biega kukata miti kumekatazwa, na ni vizuri vile, juu msitu ule unatulindia maji. Mambo hayo hatuwezi kuyageuza kwa siku moja. Lakini kiasi cha moto ambacho chungu yetu inahitaji, hicho kiko mikononi mwetu.

Maharagi njo inakula makala mingi

Lenga-lenga inaiva mbio. Bugali pia haikawie. Maharagi kavu inaweza kukaa kwa moto masaa mawili, matatu, hata zaidi. Na sisi watu wa milimani tuko na shida moja ya ziada: kwa urefu wa Bukavu, karibu metre 1 500 juu ya bahari, maji inatokota kwa digri 95 hivi, si 100. Kadiri munavyopanda mulima, maji inatokota na joto kidogo zaidi, na maharagi inakawia zaidi.

Tuseme jamaa moja inapika maharagi mara 4 kwa juma, na kila mara inateketeza kilo moja na nusu ya makala. Hiyo ni kilo 6 kwa juma, kilo 24 kwa majuma 4. Wakipunguza theluthi moja tu, wanabakiza kilo 8. Kila mutu apige hesabu na bei ya soko lake, halafu aangalie feza hiyo ni vipimo ngapi vya mbegu.

Mbegu na depo

Watu wengi wanafikiri moto ni mambo ya jikoni tu. Sisi ba agronome tunasema: moto unaanza pale munapochagua mbegu. Aina za maharagi haziivi kwa muda mumoja. Mukipokea mbegu mupya, musiulize tu kama inazaa sana. Mupike kikombe kimoja cha kila aina, siku moja, katika sufuria zinazofanana, muhesabu dakika. Ba mama njo wawe waamuzi, juu wao njo wanalipa makala. Kama tofauti ni saa nzima, aina hiyo inayokawia inawaibia feza kila juma.

Jambo la pili ni kulinda mavuno. Maharagi iliyokaa muda murefu mahali penye joto na unyevu inakuwa ngumu: unaipika siku nzima na ngozi haifunguke. Kwa hiyo:

– Muanike maharagi vizuri kwa sheeting ao kwa mukeka, si kwa udongo mutupu. Ukiuma mbegu na meno, inapaswa kuvunjika, si kubonyea.
– Mifuko ikae juu ya mbao, mbali na ukuta, katika nyumba yenye kuingiza hewa, si chini ya bati lenye kuchomwa na jua.
– Muandike tarehe kwa kila mufuko. Maharagi ya zamani itoke kwanza.

Jikoni: mambo matano

1. *Kulowanisha.* Mangaribi mutie maharagi katika maji mingi, mara tatu ya kiasi chake. Ilale ndani usiku muzima. Asubui mumwange maji ile na mutie mupya. Kazi hii haiombi hata falanga moja, na inapunguza sana muda wa kuiva.

2. *Kifuniko.* Chungu bila kifuniko inapoteza joto kupitia mvuke. Na maji ikiisha kutokota, kuongeza makala hakuongeze joto ya maji. Kunakausha maji tu. Pale maji inatokota, mufunge kidogo mulango wa mbabula na muache itokote polepole.

3. *Mbabula.* Mbabula ya chuma tupu inapasha hewa ya jikoni. Ile yenye udongo wa kuchomwa ndani inashika joto karibu na sufuria. Muangalie pia ukubwa: sufuria ndogo kwa mbabula kubwa ni hasara.

4. *Kikapo cha joto.* Mutwae kikapo kikubwa, mujaze majani makavu ya ndizi, mupange blanketi ya zamani ndani na muache nafasi ya sufuria. Maharagi iliyolowanishwa itokote kwa nguvu dakika 30, kifuniko juu. Kisha muingize sufuria ndani ya kikapo, bila kufungua, mufunike na blanketi na majani. Iache masaa 3 ao 4: inaendelea kuiva bila moto. Mbele ya kula, muirudishe kwa moto itokote tena. Kama haijaiva vizuri, mumalizie hapo. Musiruke zile dakika 30 za mwanzo: maharagi ambayo haikutokota vizuri, zaidi ile nyekundu, inaweza kuleta kutapika na kuhara.

5. *Hewa.* Kamwe musilale na mbabula yenye makala inayowaka ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kama baridi ni kali. Gazi yake haina harufu na inaua watu katika usingizi.

Kuni kavu ni mali

Kilo 100 za kuni, zikichomwa katika tanuru la udongo la kawaida, zinatoa hivi kilo 10 mupaka 20 za makala. Zaidi ya nusu ya nguvu ya moto inapotea pale. Kwa hiyo mwanamemba mwenye miti yake, na jiko la udongo lenye kutoa moshi inje, afazali achome kuni nyumbani na asiigeuze makala.

Lakini kuni iwe kavu. Katika muti mubichi, karibu nusu ya uzito ni maji. Moto unaanza kwa kukausha maji hayo, na ninyi munabaki na moshi na macho mekundu. Mukate mwezi wa 6, mupasue, mupange juu ya mawe chini ya paa, mungojee miezi mitatu. Kuni ya kukata leo na kuchoma leo ni kutupa nusu.

Miti kando ya shamba

Mvua ya mwezi wa 9 na wa 10 ni wakati wa kupanda. Kaliandra kwa mistari ya kushika udongo: kisha mwaka wa kwanza munaanza kuikata na inachipuka tena. Majani ni chakula cha mbuzi, fimbo zinasimamisha maharagi ya kupanda juu, na kisha sezoni moja ao mbili fimbo hizo zinakuwa kuni. Grevillea kwa mupaka wa shamba, metre 3 kati ya muti na muti, na munapunguza matawi kila mwaka. Eucalyptus inatoa kuni mbio, lakini inakunywa maji sana: iende kwa udongo uliochoka, mbali na chemchemi na mbali na mazao.

Kazi ya koperative

Mutu peke yake ananunua makala kwa sasheti, na sasheti njo bei kali kupita zote. Koperative inaweza kununua pamoja wakati wa jua, pale barabara ni muzuri, na kuilinda chini ya paa. Munaponunua, mutumie balansi ile ya kupima mavuno: gunia mbili za sawa kwa macho hazina uzito sawa. Makala ya muti mugumu ni nzito na inakawia kwa moto. Lakini muangalie kama ni kavu, juu kuko wauzaji wanaoimwangia maji.

Tunaomba kila koperative ifanye jaribio moja mbele ya mukutano unaokuja. Jamaa tano zipime makala ya juma moja kwa desturi yao, halafu ya juma lingine kwa kulowanisha, kifuniko na kikapo. Mulete hesabu zenu, tuziangalie pamoja. Feza itakayobaki, mwanzo wake uwe kununua mufuko wa kulindia mbegu. Mbegu ikibaki nyumbani, sezoni inayokuja tutapanda.

Kazi njema kwenu wote.