Mgeni wa Kwihara na Vitabu Vyake

Mtu akiondoka Chemchem, mjini Tabora, akashika njia ya kusini, baada ya kilomita chache atafika Kwihara. Hapo lipo tembe la udongo, lenye ua wa ndani na milango ya nakshi, ambalo siku hizi ni nyumba ya makumbusho. Wageni huoneshwa tembe hilo kwa ajili ya Dk. Livingstone, aliyekaa hapo mwaka 1872. Lakini katika makala haya hatukusudii kumzungumza Livingstone. Twataka kumzungumza yule aliyefika mbele yake, yaani Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald la Marekani, na vitabu alivyoviandika juu ya nchi hii na watu wake wakati wa vita.

Twafanya hivyo kwa sababu vitabu vya namna hii vimo mikononi mwa vijana wetu. Wako wanaovisoma kama kwamba ni hati isiyo na kosa. Na wako wazee wanaovitupa mbali wakisema kuwa ni matusi matupu ya mgeni, havina faida kwa Mwislamu. Sisi twaona makundi yote mawili yamekosea, na tutajaribu kueleza kwa nini.

Stanley alizaliwa Wales mwaka 1841. Jina lake lilikuwa John Rowlands, naye alilelewa katika nyumba ya maskini kwa kuwa hakuwa na wa kumtunza. Akiwa kijana alivuka bahari mpaka New Orleans, akabadili jina, na mwishowe akawa mwandishi wa magazeti. Mwenye gazeti la New York Herald, James Gordon Bennett, alimtuma amtafute Livingstone, ambaye habari zake zilikuwa zimekatika. Aliwasili Unguja mwezi wa Januari 1871. Tarehe 21 Machi alitoka Bagamoyo, na tarehe 23 Juni akaingia Unyanyembe. Msafara wake ulikuwa wa watu karibu 200, wengi wao wapagazi, wakichukua majora ya merikani na kaniki, shanga na masango ya shaba. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70, nao ulibebwa begani kutoka pwani mpaka Tabora.

Alifika wakati mbaya. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa amegombana na Waarabu wa Tabora na mshirika wao Mtemi Mkasiwa wa Unyanyembe, akaifunga njia ya Ujiji. Ugomvi ulikuwa juu ya hongo, biashara, na nani mwenye haki juu ya njia ile. Stanley alikaribishwa katika baraza la Waarabu, akasikia maneno yao, naye akaamua kuingia vitani upande wao. Mwezi wa Agosti 1871 jeshi likaiteka boma ya Zimbizo. Kisha kikosi cha kijana Soud bin Sayd kikaenda Wilyankulu, kikashinda na kuchukua mateka na pembe. Walipokuwa wakirudi, watu wa Mirambo waliwavizia njiani, wakamwua Soud na wengi wa wenzake. Waliosalia wakakimbia usiku. Tarehe 22 Agosti Mirambo akaupiga mji wa Tabora wenyewe, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa mashujaa wa mji ule, akauawa. Stanley alikuwa Kwihara, akatoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe lake, akangoja. Mirambo hakuja. Mwezi wa Septemba mgeni akaondoka kwa kuzunguka upande wa kusini, na mwezi wa Novemba akamkuta Livingstone Ujiji. Walirudi wote wawili Kwihara mwezi wa Februari 1872, na mwaka ule ule kitabu chake cha kwanza, “How I Found Livingstone”, kikatoka Uingereza.

Basi mna nini katika kitabu hicho kimfaacho msomaji wa leo? Safari ya kumtafuta Livingstone yajulikana na kila mtoto wa shule. Lakini kando ya safari hiyo mna mambo ambayo huenda yasingeandikwa na mtu mwingine. Mna majina ya wapagazi na askari waliokuwa hawahesabiwi kuwa watu wa kuandikwa. Mna Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa angali mtoto, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, akapata uhuru baada ya kufa bwana wake, akarudi Afrika na kuwa kiongozi wa misafara. Mna habari za mashamba ya ngano na vitunguu na komamanga katika Unyanyembe. Mna ukarimu wa wazee wa Tabora, waliompelekea mgeni wasiyemjua ng'ombe, kondoo, mbuzi, kuku na mayai, pamoja na masinia ya chakula kilichopikwa. Stanley aliusifu ukarimu huo, naye hakuwa mtu wa kusifu ovyo.

Lakini sasa na tutazame upande wa pili. Dini yetu imetufundisha namna ya kuipokea habari. Sura ya Al-Hujurat yatuamrisha tuichunguze habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Wanazuoni wa Hadithi wakaijenga elimu kubwa juu ya msingi huo. Waliuliza: nani amesimulia? Je, alikuwapo? Alisikia kwa nani? Je, anajulikana kwa ukweli na kwa hifadhi nzuri? Ikiwa maswali hayo waliulizwa wacha Mungu, itakuwaje mwandishi wa gazeti asiulizwe?

Tumpime Stanley kwa habari ya Mirambo. Katika kitabu cha 1872 Mirambo ni jambazi na mnyang'anyi, basi. Stanley alikuwa hajapata kumwona. Yote aliyoyaandika juu ya tabia yake aliyapata kwa maadui zake, katika baraza lililokuwa likitafuta msaada wa bunduki zake. Mwezi wa Aprili 1876 alipita tena upande ule katika safari yake ya pili, akakutana na Mirambo uso kwa uso, wakachanjiana udugu. Katika kitabu chake cha 1878, “Through the Dark Continent”, Mirambo amekuwa mtu mpole wa maneno, mwenye adabu na heshima, na Stanley mwenyewe akiri kwamba hakumkuta kama alivyomdhania. Msomaji aliyekisoma kitabu cha kwanza tu ataishi na Mirambo wa uvumi. Na mji wa Tabora nao una watu wa pande zote mbili za vita ile, waliooana na kuzikana. Si haki wajukuu wa upande mmoja wahukumiwe kwa maneno ya mgeni aliyekuwa amekaa na upande mwingine.

Tumpime pia kwa matendo yake. Stanley asema waziwazi kwamba aliwapiga wapagazi kwa fimbo na mijeledi, na waliotoroka akawatia minyororo. Aandika hayo bila haya, kwa sababu aliona ni sawa. Mtu anayempiga mwenziwe hawezi kuujua moyo wa yule anayempiga. Kwa hiyo anaposema kwamba mpagazi fulani alikuwa mvivu au mwoga, twaweza kupokea kwamba mpagazi yule alikaa chini asiende. Sababu ya kukaa kwake hatuichukui kwa Stanley. Pengine alikuwa na homa. Pengine alimwacha mke na watoto katika kijiji kilichokuwa karibu na moto wa vita.

Hapa lazima tufike kwenye jambo zito, ambalo tungependa kuliruka lakini haitupasi. Alipokuwa Unyanyembe, Stanley alipewa zawadi na mfanyabiashara mmoja Mwarabu. Zawadi hiyo haikuwa nguo wala ng'ombe. Ilikuwa mtoto mwanamume. Aliitwa Ndugu Mali. Stanley hakulipenda jina hilo, akampa jina la Kalulu. Mtoto huyo alifuatana naye mpaka Ujiji, akavushwa bahari mpaka Uingereza na Marekani, akatiwa shule London, na mwaka 1874 alikuwa miongoni mwa waliohudhuria mazishi ya Livingstone katika kanisa la Westminster. Mwaka 1877 alikufa maji katika maporomoko ya mto Kongo, katika msafara wa Stanley. Mwaka 1873 Stanley alikuwa ametoa kitabu cha hadithi, “My Kalulu”, ambamo amemfanya mtoto huyo kuwa mwana wa mfalme. Kitabu cha Kalulu mwenyewe, cha kutuambia mama yake alikuwa nani na alichukuliwa vipi, hatukuachiwa.

Sasa, wasomaji wetu, aliyemtoa mtoto yule alikuwa akielekea kibla kama sisi. Tutasemaje? Wako watakaosema kwamba mwandishi alikuwa adui wa Waislamu, kwa hiyo tumkanushe. Lakini mtoto yule alionekana London na watu wengi, akapigwa picha, na kifo chake kikaandikwa. Sura ya An-Nisaa yatutaka tusimamishe uadilifu na kutoa ushahidi wa kweli hata ukiwa juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Uislamu umeweka kumwacha mtumwa huru kuwa kafara ya madhambi, na umetia fungu katika Zaka kwa ajili ya kuzikomboa shingo. Kumteka mtoto wa watu na kumtoa kama zawadi si katika mafundisho hayo. Wazee wetu waliofanya hivyo walifuata biashara ya zama zao, wala hatuna haki ya kuivika biashara hiyo kanzu ya dini.

Wala hatuwezi kuyachukua masinia ya chakula tukajisifia ukarimu, kisha tukamwacha mtoto yule kama kwamba hakuwapo. Yote mawili yamo katika kitabu kimoja, naye aliyeyaona ni mtu mmoja. Ikiwa twamkubali katika sifa, basi tumsikilize katika lawama, tukimpima kwa mizani ile ile.

Njia moja ya kumpima ni kumlinganisha na wenyeji walioandika. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwaka 1902 na 1903. Baba yake alikaa Ituru, karibu na Tabora, akamwoa binti wa Mtemi Fundikira. Tippu Tip alisafiri na Stanley mwaka 1876, nao hawasemi mamoja juu ya mapatano yao na malipo yake. Na mwaka 1901 Carl Velten alitoa “Safari za Wasuaheli”, ambamo msafiri Selemani bin Mwenye Chande asimulia safari yake ya bara. Vitabu hivi navyo vina upande wao, kwani Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Lakini shahidi wawili ni bora kuliko mmoja.

Tusidhani kwamba jambo hili lilikwisha zamani. Mwaka 1962 alikuja Dar es Salaam mwandishi wa shirika la habari la Poland, Ryszard Kapuściński. Huyu hakuja na msafara wala mjeledi. Aliugua malaria na kifua kikuu, akapenda kukaa na watu wa mitaani, na baadaye akaandika juu ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 na misukosuko ya nchi nyingi. Alisomwa dunia nzima kwa huruma yake juu ya watu wanyonge. Alifariki mwaka 2007, na mwaka 2010 Mpoland mwenziwe, Artur Domosławski, akatoa kitabu kinachoonesha kwamba baadhi ya mambo aliyoyaandika hayakulingana na yaliyotokea. Basi hata mwenye huruma huchunguzwa. Huruma ni jambo jema, lakini haishiki mahali pa ukweli.

Kwa hiyo twawashauri wazazi wasiwakataze watoto vitabu hivi, bali wakae nao wavisome pamoja. Kila wafikapo penye habari nzito, wajiulize mambo matatu: Je, mwandishi aliliona jambo hili kwa macho yake? Kama alilisikia, alilisikia kwa nani, na huyo alitaka nini? Au alilikisia tu moyoni mwake? Kijana aliyezoea maswali hayo mezani kwao hatadanganywa kwa urahisi na kitabu, wala gazeti, wala habari ziletwazo na simu ya mkononi.

Na jambo la mwisho ni hili. Vita ya Mirambo iliandikwa na mgeni aliyekaa Unyanyembe miezi michache, naye alikuwa na shughuli yake nyingine. Waliokaa hapo maisha yao yote, wakazika watu wao na kulima tena mashamba yao, wengi hawakuandika. Leo kalamu na daftari si adimu. Mwenye bibi au babu Tabora, Ujiji, Bagamoyo au kwingineko, na amwendee kwa adabu, amwulize aliyoyaona katika siku ngumu za maisha yake, ayaandike kama alivyoambiwa bila kutia chumvi, pamoja na jina la msimulizi na tarehe. Na ikiwa msimulizi atataja kosa la jamaa zake, lisifutwe.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe mashahidi wa kweli, juu yetu na juu ya wengine. Amin.