Msanifu Aliyekuwa Mtawala



Sisi wa Laini Saba tunajua nyumba inavyojengwa. Fundi huleta fito, udongo na mabati, akapima futi kumi kwa kumi, na baada ya siku chache pana chumba. Karatasi ya nini? Kumbe karatasi ndiyo kila kitu. Hilo nililitambua niliposoma habari za John Houston Sinclair, Mwingereza aliyekuwa msanifu wa majengo na tena mtawala huko Unguja.

Waingereza waliiweka Zanzibar chini ya ulinzi wao mwaka 1890. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari zao zililipiga jumba la Sultani kwa mizinga, na vita vikaisha kabla ya saa moja kupita. Tangu hapo Sultani alibaki na kiti, lakini amri ilikuwa kwingine. Wenye amri walihitaji ofisi, makao na mahakama, na Sinclair ndiye aliyewachorea mengi ya majengo hayo. Mahakama Kuu ya Vuga, iliyomalizika mwaka 1908, ni yake. Makao ya mwakilishi wa Uingereza, ambayo baadaye yalifanywa Ikulu, pia ni yake.

Ajabu ni kwamba Sinclair hakujenga kama kwao. Alichukua matao, kuba na nakshi za nchi za Kiislamu, akazichanganya na mpango wa ofisi za Kizungu. Nionavyo mimi, hapo palikuwa na uzuri na ujanja pamoja. Mgeni akiitazama Mahakama ile kwa nje atadhani ni jumba la Sultani, kumbe ndani waliokaa kitini kuamua kesi ni majaji wa Kiingereza. Jengo lilivaa kanzu, lakini mwenyeji wake alikuwa mwingine.

Sinclair alipanda ngazi za serikali hadi mwaka 1922 akafanywa Mkaazi wa Kiingereza, yaani mkuu wa utawala wao Zanzibar. Sultani wakati huo alikuwa Khalifa bin Harub. Basi mkono uliochora majumba ndio ulioshika pia mihuri ya nchi. Aliondoka katika cheo hicho mwaka 1924. Mwaka uliofuata lilifunguliwa jengo lake mashuhuri la Mnazi Mmoja, Beit el Amani, lenye kuba nyeupe, la kukumbuka amani baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Likawa jumba la makumbusho.

Lakini hebu tuvuke ng'ambo. Na huko kwenyewe kunaitwa Ng'ambo! Nyuma ya mji wa mawe, upande wa pili wa hori, waliishi wachukuzi, wapishi, mafundi na watu waliokuwa watumwa zamani, katika nyumba za miti na udongo. Nyumba ilikuwa ya mtu, lakini kiwanja kilikuwa cha mwingine, na kila mwezi kodi ya kiwanja ilidaiwa. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo walichoka, wakagoma kuilipa.

Je, habari hiyo si kama yetu? Kibera ilianza kwa askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles, ambao serikali ya kikoloni iliwaruhusu kukaa hapa bila kuwapa hati. Wazee, watoto, wajukuu, wote walijenga juu ya ardhi isiyo na karatasi. Hati ya ekari 288 ya jamii ya Wanubi ilitolewa mwaka 2017, zaidi ya miaka mia moja baadaye. Wengine wengi mtaani bado hatuna.

Sisemi Sinclair alikuwa mbaya wa kuchora. Majengo yake ni mazuri, na watu wa Unguja wameyafanya yao. Ninalosema ni kwamba ukiona jengo zuri usiishie kwenye kuba. Uliza lilijengwa kwa ajili ya nani, nani alibeba mawe, na nani alibaki ng'ambo. Jina la msanifu tunalo, ya wabeba mawe hatuna.

Basi wenzangu mnaopenda hesabu na kuchora, jifunzeni usanifu. Siku moja ramani ya Laini Saba itachorwa. Ni afadhali kalamu iwe mkononi mwa mtu aliyewahi kulala chini ya mabati yake.