Dele, Presi au Karatasi: Kahawa Ipikweje Nyumbani?

Maji yakichemka Dar es Salaam huwa na joto la nyuzi 100 za sentigredi. Yakichemka Nairobi, mji ulio juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700, huwa hayajafika nyuzi 96. Kwa anayesonga ugali, tofauti hiyo si kitu. Kwa anayepika kahawa ni jambo kubwa, maana unga wa kahawa hutoa ladha yake vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 90 na 96. Mkazi wa Nairobi au Mbeya anaweza kuliepua birika na kumimina papo hapo. Wa Dar, Tanga au Mombasa hana budi afunue kifuniko na kungoja kama dakika moja. Asipongoja, kahawa ileile ya Kilimanjaro aliyosifiwa na ndugu yake wa bara itamtokea chungu, naye atadhani ameuziwa mbovu.

Kupika kahawa, kwa chombo chochote kile, ni kuyaacha maji yachukue kilichomo ndani ya punje. Karibu asilimia 30 ya punje iliyokaangwa huweza kuyeyuka majini, ila si yote inayofaa kunywewa. Uchachu hutangulia, utamu hufuata, uchungu huja nyuma. Wajuzi wa kazi hii hulenga asilimia 18 hadi 22. Maji yakichukua pungufu ya hapo, kahawa huwa chachu na nyepesi. Yakipitiliza, huacha ulimi umekauka. Kinachoamua ni usagaji, muda na joto, kisha chujio. Vyombo vyote vinavyopangwa madukani hutofautiana katika hayo tu.

Pwani, chombo kongwe ni dele. Jina lake ni la Kiarabu, kama yalivyo maneno kahawa na buni, na chombo chenyewe ni ndugu wa madele ya Omani, nchi ambayo pamoja na Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu iliandikishiwa desturi yake ya kahawa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni mwaka 2015. Buni hukaangwa hadi ikaribie weusi, hutwangwa, kisha hutiwa majini na kuchemshwa juu ya makaa, mara nyingi pamoja na tangawizi iliyopondwa au iliki. Mpikaji huliacha dele litulie ili mashapo yashuke, halafu humimina polepole kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono. Kahawa hiyo haitiwi sukari. Utamu uko pembeni: kashata, tende au kipande cha halua.

Wapo wapenzi wa vyombo vipya wanaoidharau kahawa ya dele kwa kuwa imechemka. Wanakosea. Kahawa iliyokaangwa sana imekwisha kupoteza uchachu wake, kwa hiyo moto hauna cha kuiharibia. Na kinywaji kikali kiasi hicho kimepimiwa kikombe cha mafunda matatu, kishushwe na kitu kitamu. Ni mpango uliokamilika. Kosa hutokea mtu anapochukua kahawa ya Nyeri iliyokaangwa kidogo, ambayo thamani yake yote iko katika ule uchachu wa matunda, akaichemsha robo saa. Harufu aliyoilipia itaishia darini.

Presi ya Kifaransa ndiyo rahisi kuliko zote kwa mtu anayeanza. Ni chombo cha kioo chenye chujio la waya linaloshindiliwa kwa mkono. Gramu 30 za kahawa iliyosagwa nene kama chumvi ya mawe hutiwa nusu lita ya maji ya moto, zikaachwa dakika nne, kisha chujio likashushwa taratibu. Mafuta ya kahawa hayana pa kuzuiliwa, ndiyo maana kinywaji chake huwa kizito mdomoni. Jambo moja tu husahaulika: kahawa yote imiminwe mara moja. Inayobaki juu ya machicha huendelea kuiva, na kikombe cha pili huwa kichungu kuliko cha kwanza.

Karatasi ina historia ya kupendeza zaidi. Mwaka 1908, katika mji wa Dresden nchini Ujerumani, mama wa nyumbani aitwaye Melitta Bentz alichoshwa na mashapo yaliyojaa kikombeni. Akatoboa matundu kwenye kopo la shaba, akachana karatasi ya kukaushia wino kutoka daftari la shule la mwanawe, akaitandika ndani na kumimina kahawa. Ikatoka safi. Mwaka huohuo alipata hataza, akafungua kampuni, na kampuni hiyo ipo hadi leo kwa jina lake.

Ufundi wa karatasi uko mkononi. Karatasi huwekwa ndani ya faneli juu ya kikombe na kusuuzwa kwa maji ya moto ili iondokwe na harufu yake. Hutiwa gramu 15 za kahawa yenye ukubwa wa mchanga. Maji ya kwanza yawe machache, ya kulowesha tu. Hapo ndipo pa kutazama: kahawa iliyokaangwa karibuni huumuka kama andazi, ikitoa viputo, kwa sababu hewa ya kaboni iliyonasa ndani ya punje inatoka. Iliyokaa miezi dukani hulala kimya kama tope. Baada ya nusu dakika, maji yaliyobaki humiminwa kwa kuzungusha, hadi yatimie mililita 250, na kazi yote huisha kwa dakika tatu hivi. Kinachopatikana ni chepesi na kisafi kiasi kwamba kahawa ya Mbinga huweza kutofautishwa na ya Kirinyaga.

Karatasi ina faida nyingine, na hii ni ya afya. Mafuta ya kahawa yana kitu kiitwacho kafestoli, ambacho watafiti wa Uholanzi na nchi za Skandinavia walionyesha kwamba hupandisha kolesteroli mwilini. Kahawa ya kuchemshwa na ya presi huwa nacho kwa wingi; karatasi hukinasa karibu chote. Kikombe kidogo cha barazani jioni si cha kumtisha mtu. Lakini aliyeambiwa na daktari kuwa kolesteroli yake iko juu, naye hunywa kahawa tangu asubuhi hadi usiku, ahamie kwenye karatasi.

Birika la Kiitaliano, liitwalo moka, lilitoka katika karakana ya Alfonso Bialetti mwaka 1933, mwaka uleule wakulima wa Kilimanjaro waliposajili ushirika wao wa KNCU. Mvuke husukuma maji ya chini yapite kwenye kahawa hadi juu. Hutoa kahawa nzito inayovumilia maziwa, ingawa msukumo wake haufiki hata robo ya ule wa mashine ya espreso. Liepuliwe mara tu linapoanza kukoroma, la sivyo huunguza.

Hata hivyo, kosa kubwa majumbani halitokani na chombo. Ni usagaji. Kinu na blenda hutoa vumbi na mapande kwa pamoja: vumbi hutoa uchungu upesi, mapande hayajaiva, na kikombe kimoja kikawa na makosa yote mawili. Dele husamehe hilo. Karatasi haisamehi, kwani vumbi huliziba chujio. Mwenye fedha ya kununua kitu kimoja anunue kisagio cha mkono chenye meno, si faneli ya bei. Kahawa nzima huhifadhika wiki kadhaa ndani ya chombo kisichopitisha hewa, mbali na jua na viungo. Iliyosagwa hupoteza harufu yake ndani ya siku chache.

Kwa kahawa ya asubuhi ya arabika iliyokaangwa kidogo, karatasi ndiyo inayoshinda. Kwa wageni wa jioni, dele halina mpinzani. Na kwa yoyote kati ya hizo, anayenunua aanze kwa kumuuliza muuzaji tarehe ambayo kahawa ilikaangwa. Asiyeijua, apitwe.