Moto Ubaki Nje ya Hema

Bwana Yesu aliwatenga wanafunzi wake na shughuli ili wapumzike (Marko 6:31). Sisi tunaoishi Marekani, tukibanwa na zamu za kazi, tunahitaji hayo pia. Familia zetu hupiga kambi Itasca, hifadhi ya kwanza ya jimbo la Minnesota, iliyoanzishwa mwaka 1891. Hapo Mto Mississippi, wenye urefu wa kilomita zipatazo 3,700, huanza kama kijito, na watoto huuvuka kwa kukanyaga mawe.

Usiku huko huwa na baridi hata wakati wa kiangazi. Mama akiona mtoto anatetemeka, hushawishika kuingiza jiko la mkaa hemani. Tusifanye hivyo kamwe, hata makaa yakiwa hayatoi moshi. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Kufungua mlango wa hema hakutoshi.

Badala yake, tuwavishe watoto nguo kavu, soksi na kofia, na tuwatandikie blanketi zito chini, maana baridi nyingi hutoka ardhini. Mtu aliyekaa karibu na jiko akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu au kichefuchefu, tumtoe nje mara moja na kupiga simu 911.

Kabla ya kulala tuwakague kupe nyuma ya masikio na kwapani. Kisha baba asome Neno, tuimbe, tuuzime moto kwa maji, tukalale salama.